Mahojiano ya afya kwa lugha mbili: degedege isigeuke malaria njiani

Tuchukue utafiti wa homa za watoto katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, akina mama wengine wakizungumza Kiswahili, wengine Kimaasai.

1. Vibali. Kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kisha barua za mkoa na wilaya hadi kwa mtendaji wa kijiji. Anza mapema, maana ratiba nyingi hukwama hapa.

2. Okota maneno kabla ya kuandika maswali. Kaa nusu siku na akina mama wanne watano, uulize watoto huumwa nini na kila ugonjwa unaitwaje. Usiruke hatua hii hata kama Kiswahili ni lugha yako. Ukiuliza, "Mtoto amewahi kupata malaria kali?" mama anajibu hapana. Uliza degedege, anakuhadithia usiku mzima wa mtoto kukakamaa. Zahanati huiona degedege kuwa dalili ya malaria kali. Nyumbani wapo wanaoona shetani, na wanaoamini sindano itamuua mtoto, ndiyo maana huanzia kwa mganga.

3. Tafsiri mwongozo wa maswali. Watu wawili, kila mmoja peke yake, halafu walinganishe. Jaribu kwa watu 3 hadi 5: "Mama, hapa nimekuuliza nini?" Akieleza kingine, swali ndilo bovu.

4. Mkalimani. Asiwe muuguzi wa zahanati hiyohiyo. Nani atamwambia alianzia kwa mganga? Kijana wa kiume naye hamfai mama mtu mzima kwa habari za uzazi. Mfundishe kutafsiri kila baada ya sentensi mbili tatu, kwa nafsi ya kwanza: "nilimbeba", si "anasema alimbeba". Mama akiongea dakika nzima, kisha ukasikia tu "anasema mtoto alikuwa na homa", simamisha, omba arudiwe.

5. Ridhaa. Isomwe kwa sauti, kinasa sauti kitajwe waziwazi. Asiyeandika aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yenu.

6. Unukuzi. Nukuu Kimaasai chenyewe kutoka kwenye sauti. Ukinukuu maneno ya mkalimani, umenukuu muhtasari wake. Saa moja ya sauti hula saa 4 hadi 6 za kunukuu, tafsiri bado. Tumia safu tatu: maneno ya mama, tafsiri, maelezo. Majina ya magonjwa yabaki yalivyo hadi kwenye ripoti. Mwisho, mtu wa pili asikilize dakika 5 za kila rekodi akiwa na karatasi ya unukuzi mkononi. Makosa yakizidi, rekodi yote irudiwe.