Namna ya Kuandika Historia ya Baba Aliyekuwa Fundi na Mbunifu

Katika mazishi mengi nchini Uganda, historia ya marehemu huandikwa usiku wa kuamkia maziko, na mtoto aliyesoma kuliko wenzake, huku wageni wakiendelea kuwasili na kila mzee akitaka jambo lake liingizwe. Kinachosomwa kesho yake ni mwaka wa kuzaliwa, shule, ndoa, idadi ya watoto na ugonjwa, kisha sentensi moja kwamba alikuwa mchapakazi mwenye upendo kwa watu wote. Sentensi hiyo huenda ni ya kweli kabisa, lakini ingeweza kusomwa mbele ya jeneza la mtu yeyote. Baba aliyeishi kwa kubuni na kutengeneza vitu, akasomesha watoto kwa kazi ya mikono yake, anastahili kuelezwa kwa kazi zenyewe: alitengeneza nini, kwa sababu ya shida gani, kwa vifaa gani, na nani alifaidika. Mwongozo huu ni wa familia zinazotumia Kiswahili huko Busia, Tororo, Jinja, Arua na kwingineko, ambako mara nyingi mume na mke walitoka makabila tofauti, na Kiswahili ndiyo lugha ambayo waombolezaji wote wanaielewa.

Kwanza ikubalike kwamba kazi hii ni mbili, wala si moja. Kuna historia fupi ya kusomwa siku ya maziko, na kuna historia ndefu ya kuhifadhiwa na familia. Ile fupi isizidi dakika kumi, kwa kuwa mwenyekiti wa LC (baraza la serikali ya mtaa), mzee wa ukoo, kiongozi wa dini na waliofanya kazi na marehemu nao watazungumza, na watu wamekaa juani. Ile ndefu haina haraka. Kwa Waislamu, ambao humzika maiti wao mapema iwezekanavyo, hata ile fupi inaweza kusubiri siku ya dua. Kwa Waganda wa Buganda na Wasoga, siku inayofaa kwa historia ndefu ni ya lumbe, ile sherehe ya kumaliza msiba na kumsimika mrithi, ambayo hufanyika baadaye, ukoo ukiwa umekusanyika na machozi yamepungua.

Tarehe ndizo huwapotezea watu muda mwingi. Mzee asiyekumbuka mwaka hukumbuka tukio, kwa hiyo usimuulize baba alianza kazi mwaka gani. Muulize kama ilikuwa kabla bwawa la Owen Falls halijafunguliwa Jinja mwaka 1954, au kabla ya Uhuru wa Oktoba 1962, au baada ya Idi Amin kuwafukuza Wahindi mwaka 1972, au baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979, au wakati fedha ilipobadilishwa mwaka 1987 na sufuri mbili zikaondolewa. Ukipata majibu ya watu wawili yanayokubaliana, andika “takribani mwaka 1973, muda mfupi baada ya Wahindi kuondoka”. Maneno hayo ni ya kuaminika kuliko tarehe kamili iliyobuniwa ili ukurasa upendeze.

Kisha fungua sanduku lake. Wanaume wa kizazi hicho walitunza tiketi za kodi ya kichwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa mtu asiye nayo aliweza kukamatwa njiani; kodi hiyo ilitozwa hadi iliposimamishwa mwaka 2005. Tiketi zikipangwa kwa miaka, zitakuonyesha alikuwa anaishi gombolola (tarafa) gani na lini alihama. Cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, kadi ya NSSF (mfuko wa akiba ya wafanyakazi), barua ya kuajiriwa kiwandani au katika reli, na hasa daftari la wateja wenye madeni, vyote ni mashahidi wasiosahau. Daftari la madeni lina thamani ya pekee, kwa kuwa linataja kazi, bei na mteja, na mara nyingi limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa tufike kwenye kiini. Katika historia fupi chagua kitu kimoja alichobuni na ukieleze vizuri, badala ya kutaja vitu kumi kwa majina tu. Tuseme alitengeneza mashine ya kupukuchua mahindi inayoendeshwa kwa pedeli za baiskeli. Usiseme tu kwamba aliwasaidia wakulima. Eleza kwamba kabla ya mashine hiyo wanawake wa kijiji walipukuchua kwa vidole hadi ngozi ikauma, au walijaza mahindi guniani na kuyapiga kwa fimbo, na punje zikavunjika. Na punje iliyovunjika hushambuliwa na wadudu upesi, tena mnunuzi huikataa au huishusha bei. Eleza kilichomsumbua yeye mwenyewe: ngoma ya mashine ikizunguka kasi mno punje hupasuka, ikizunguka polepole mno nyingine hubaki kwenye gunzi, kwa hiyo alibadilisha magurudumu ya meno mara kwa mara mpaka mwendo ukakaa sawa. Msikilizaji akisikia hayo atamwona mtu akifikiri, na hilo ndilo tulilopoteza alipofariki.

Mashine za mwanzo zilizoshindwa kufanya kazi ziandikwe pia. Watoto wengi huzificha wakidhani zinamshushia baba heshima, ilhali uvumilivu wake huonekana hapo zaidi kuliko kwenye mashine iliyokamilika.

Shida aliyokuwa akiitatua ihusishwe na nyakati zake. Baada ya mwaka 1972 maduka na gereji nyingi zilibaki bila wenyewe waliokuwa wakiagiza bidhaa kutoka nje, na vipuri vikawa adimu. Ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, reli iliyokuwa ya nchi tatu iligawanywa, na karakana za Uganda zikalazimika kujitegemea. Fundi aliyekata bushi za gari kutoka kwenye tairi kuukuu, au aliyefua panga kutoka kwenye springi za lori, alikuwa akijibu upungufu huo. Wajukuu waliozaliwa wakati maduka yamejaa bidhaa hawawezi kujua hivyo bila kuelezwa.

Jihadhari na neno “wa kwanza”. Bodaboda zilianza kama baiskeli zilizovusha watu kati ya vituo vya mpakani Busia, na viti vya nyuma vya baiskeli hizo viliimarishwa na mafundi wengi kwa wakati mmoja. Kama baba alikuwa mmoja wao, sema alikuwa mmoja wao, kisha eleza yeye alibadilisha nini: aliongeza chuma cha kukanyagia, au alisogeza kiti mbele ili baiskeli isielemee nyuma. Dai dogo lenye ushahidi humheshimu zaidi, na hakuna jirani atakayenung'unika kando ya kaburi.

Kwa historia ndefu, mtafute mwanafunzi wake wa karakanani. Aghalabu yeye anajua mengi kuliko watoto. Mwombe aendeshe mashine, aifungue na kuifunga tena huku mtu mwingine akirekodi kwa simu, na umwache aeleze kwa lugha aliyofundishwa nayo, iwe Lusoga, Ateso, Lugbara au nyingine. Tafsiri ya Kiswahili itafanywa baadaye. Piga picha kila upande, rula ikiwa imelazwa kando ili ukubwa uonekane, na andika vipimo vya sehemu zinazozunguka. Hata hivyo, kama familia inaamini kwamba kifaa ni kipya kabisa, picha za ndani zisisambazwe mitandaoni kabla ya kuomba ushauri katika ofisi ya usajili ya serikali, URSB, kwa sababu hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya kitu alichobuni, hutolewa kwa kitu ambacho hakijawekwa wazi kwa umma.

Upande wa nyumbani nao uandikwe kwa matendo. Kazi gani ililipa karo ya nani? Pengine lango la kanisa lilimpeleka binti mkubwa sekondari, na mikokoteni ya soko ikamalizia karo ya wadogo zake. Watoto wenyewe wanakumbuka, na kila mmoja aulizwe peke yake. Mama asiachwe nyuma ya pazia. Mara nyingi ndiye aliyetunza fedha, akapokea wateja mume akiwa safarini, akavukuta moto na kumwambia kwa upole kwamba bei yake ni ya hasara. Historia inayomfanya mume kuwa mbunifu wa peke yake humdhulumu mjane aliyeketi pale akisikiliza.

Majina ya watoto yanahitaji uangalifu kuliko sehemu nyingine zote. Watajwe wote, waliozaliwa ndani ya nyumba na nje yake, walio hai na waliotangulia, na orodha isomwe mbele ya mjane na mzee wa ukoo kabla ya siku ya maziko. Mtoto aliyerukwa akiwa amesimama kando ya kaburi la baba yake hupata jeraha ambalo halirekebishwi na maelezo ya baadaye. Habari za ugonjwa zitajwe kwa idhini ya mjane tu. Madeni yatangazwe na msemaji wa familia kwa nafasi yake, nje ya historia. Wala pasiandikwe kwamba karakana ameachiwa fulani: historia si wasia, na sheria za mirathi za Uganda zinakataza mtu kuigusa mali ya marehemu kwa kujichukulia kabla ya taratibu za usimamizi kukamilika.

Hilo halizuii kuorodhesha. Mapema iwezekanavyo baada ya maziko, watu watatu wanaoaminiwa na pande zote waingie karakanani, waandike kila kifaa na kukipiga picha mahali kilipo, kisha wafunge mlango. Fuawe, nyundo alizozichongea mipini kwa mkono wake, vielelezo vya bati alivyokatia: vitu kama hivyo huuzwa kama chuma chakavu ndani ya wiki chache, na hapo hakuna kilichobaki cha kuandikia.

Rasimu ikikamilika, isomwe kwa sauti mbele ya marika wake kabla ya lumbe, na kurasa chache ziachwe wazi kwa masahihisho. Nakala zilizochapwa zitunzwe katika nyumba tatu tofauti, mbali na mchwa na unyevu, kwa kuwa simu hupotea pamoja na kila kilichomo. Nyuma ya kila picha paandikwe kwa penseli majina ya waliomo, kuanzia kushoto. Ukurasa wa mwisho uwe na jina la mwandishi, tarehe, na majina ya waliosimulia, kila mmoja na habari aliyoitoa.