Namna ya kumtoza jirani kwa haki ukimwondolea theluji

Bei ikitajwa theluji imeshaanguka na jirani amechelewa kazini, atakubali chochote, kisha atabaki na kinyongo. Kubalianeni kabla msimu haujaanza.

Hatua ya 1: Pima eneo
Chukua futi kamba upime njia ya gari, urefu kwa upana. Ngazi na vijia vya miguu vihesabu peke yake, kwa sababu mashine ya kuondoa theluji haifiki huko. Ni beleshi tu. Angalia pia theluji utaitupa wapi. Kuisukumia barabarani au uani kwa mtu mwingine huleta ugomvi, na sehemu nyingi sheria inakataza.

Hatua ya 2: Jua saa moja inakugharimu nini
Jumlisha mafuta, oili, mikanda, na zile pini zinazokatika ili kuokoa gia mashine ikigonga jiwe. Juu yake weka ujira wako wa kuamka alfajiri. Ukiusahau ujira, katikati ya msimu utaanza kukwepa simu za jirani.

Hatua ya 3: Toza kwa kina na kwa uzito
Hapa ndipo wengi hupunjana. Chukua njia ya mita za mraba 50 yenye theluji ya sentimita 10: hizo ni mita za ujazo 5. Theluji mpya iliyo kavu, ile inayopeperuka ukiipuliza, huwa na kilo 50 hadi 100 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unahamisha kilo 250 hadi 500. Ikiwa imelowa, hufika kilo 200 hadi 300, na hapo mzigo ni tani moja hadi moja na nusu. Rula inasoma vilevile, mgongo unajua tofauti. Kwa hiyo weka madaraja ya kina, mfano sentimita 5 hadi 10, 10 hadi 20, na zaidi ya hapo, kisha nyongeza moja inayojulikana kwa theluji iliyolowa.

Tuta la theluji linaloachwa na gari la kusafisha barabara mlangoni pa njia ya gari liandike kama kazi ya pili. Huwa limeshindiliwa, na mara nyingi huja ukiwa umeshamaliza.

Hatua ya 4: Chumvi iwe na bei yake
Chumvi ya kawaida, inayomwagwa kuyeyusha barafu, hupungua nguvu sana baridi ikishuka chini ya nyuzi hasi 9 hivi za Selsiasi. Kalsiamu kloridi, chumvi ya aina nyingine, huyeyusha barafu kwenye baridi kali zaidi, ila ni ghali. Jirani achague mwenyewe.

Hatua ya 5: Kwa mara au kwa msimu
Mimi napendelea kwa mara: asiyepata theluji halipi. Akitaka msimu mzima, wekeni kikomo cha mizunguko, yaani mara utakazokuja kusafisha, na bei ya kila mzunguko unaozidi.

Mzee au mgonjwa mpunguzie, lakini andika bei kamili kwanza, kisha punguzo. Majirani hulinganisha bei, na wakiona kipimo ni kimoja hawatanung'unika.

Kila ukimaliza, mtumie picha ya rula ikiwa imesimama kwenye theluji kabla hujaanza, pamoja na saa uliyofika.