SOMO: Kufuatilia blogu unazozipenda kwa RSS bila kutegemea mitandao ya kijamii

Wakuu habari za muda huu. Naandika hili mara moja ili siku nyingine nikiulizwa niweke linki tu, maana kila wiki kuna mtu anakuja pm "mkuu hizo makala unazipata wapi mapema hivyo" na kila mmoja inabidi nimuanzie moja.

Iko hivi. Blogu karibu zote zina fidi ya RSS, yaani faili lenye orodha ya makala mpya za mwenye blogu. Wewe unakuwa na programu ya kusoma fidi, unaipa anwani, akiandika inakuletea. Zinakuja kwa tarehe, hakuna anayekupangia uone nini. Hii kitu ipo tangu 1999.

Sababu ya mimi kuing'ang'ania ni mzee mmoja anaandika mambo ya nyuki na asali kule Tabora. Anaandika labda mara nne kwa mwaka lakini akiandika ameandika. Nilikuwa nimemfolo kwenye mtandao mmoja wa kijamii, nalaiki kila kitu chake, na bado makala yake ya kuhamisha kundi la nyuki nikaiona miezi mitano baadaye msimu umeshapita. Kule mtu wa mara nne kwa mwaka anazikwa na wanaoposti mara kumi kwa siku. Kwenye fidi akiandika leo namsoma leo.

HATUA

1. Pakua programu. Android chukua Feeder, ipo Play Store na F-Droid, ni bure na haitaki akaunti. iPhone chukua NetNewsWire, bure pia. Kwenye kompyuta Thunderbird ileile ya imeili inasoma fidi.

2. Fungua blogu, kopi anwani yake.

3. Pesti kwenye programu, sehemu ya kuongeza fidi. Mara nyingi inaitafuta yenyewe. Ikigoma, blogu za WordPress ongeza /feed/ mwishoni mwa anwani, za Blogspot ongeza /feeds/posts/default, za Substack /feed. Chaneli ya YouTube pesti anwani yake kama ilivyo, programu nyingi zinaielewa.

4. Anza na blogu kumi hivi, usijaze. Magazeti na mashirika ya habari yaweke kwenye kundi lake peke yake, yana posti nyingi kwa siku na yatawafunika waandishi wadogo, utajikuta umerudi kulekule ulikokimbia.

5. HAPA TULIENI. Toa nakala ya orodha yako. Mimi nilikusanya fidi 63 kwa miaka mitatu, zote ndani ya simu moja, sijafungua akaunti popote wala sijawahi kutoa nakala, simu ikaibiwa kwenye daladala. Simu nilinunua nyingine, lakini ile orodha sijaipata yote mpaka leo. Blogu kubwa nilizikumbuka, hizi ndogo ambazo mtu unazikuta kwa bahati usiku wa manane ukifuata linki kwenye linki sikuzikumbuka hata majina, na ndizo nilizokuwa nazipenda zaidi. Kwa hiyo ingia kwenye menyu ya programu, tafuta sehemu ya kutoa OPML, yaani faili lenye orodha ya anwani za fidi zako, ni dogo sana. MSILIACHE KWENYE SIMU HIYOHIYO, jitumie kwa imeili. Rudia kila ukiongeza blogu tano sita. Halafu lijaribu, liingize kwenye simu ya mtu au kompyuta uone kama fidi zinatokea, faili ambalo hujalijaribu usilitegemee. Na mjue OPML inabeba anwani tu, makala ulizoziwekea alama hazimo, hizo zihifadhi kivyake.

6. Zima notifikesheni. Soma ukipata nafasi.

Karibuni kwa maswali.

---

bandolimekata: Mkuu weka linki ya app

Mleta somo: Hatua ya 1.

bandolimekata: Nimeona. Sasa Instagram naiwekaje humo?

Mleta somo: Haiingii. Instagram na Facebook hawatoi fidi, wanataka uwe ndani kwao. Kuna watu wanauza njia za kuzunguka, leo zinafanya kazi kesho zimekatika, sikushauri. Mwenye ukurasa muulize kama ana blogu.

kijana wa kariakoo: Hii si teknolojia ya wazee? RSS ilishakufa kitambo

Mleta somo: Haijafa. Google walifunga Reader, programu yao ya kusoma fidi, tarehe 1 Julai 2013, watu wakadhani ndiyo mwisho. Iliyofungwa ni programu moja, fidi zilibaki palepale kwenye blogu, na waliokuwa wametoa OPML waliingiza kwenye programu nyingine wakaendelea kusoma. Podkasti unazosikiliza nyingi zinasambazwa kwa RSS hiyohiyo.

kijana wa kariakoo: Kwa hiyo unataka wote tufute akaunti zetu?

Mleta somo: Onesha nilipoandika hivyo. Mimi mwenyewe WhatsApp ninayo, ndugu zangu wako huko. Nasema kusoma, mtu unayemthamini usimwachie mashine ikuamulie kama utamuona au hutamuona.

mama_shamba: Samahani kaka, naomba kuelewa. Hiyo programu inajuaje kama mtu ameandika? Naogopa bando, natumia la wiki.

Mleta somo: Swali zuri sana dada. Programu inabisha hodi kwenye seva ya blogu kila baada ya muda, inasema "mara ya mwisho nilichukua toleo la jana, kuna jipya?" Kama hakuna, seva iliyopangwa vizuri inajibu namba 304, maana yake hakijabadilika kitu, na hupakui zaidi ya hilo jibu dogo. Kikiwepo kipya ndiyo unashusha lile faili, na ni maandishi matupu, video moja tu ya dakika chache inakula kuliko fidi zako za siku nzima. Kwenye Feeder ingia mipangilio, weka isasishe ukiwa kwenye wifi tu, na washa ya kuchukua makala nzima. Ukitoka ofisini tayari unazo, unasoma njiani data imezimwa.

mama_shamba: Ubarikiwe. Na makala za zamani nazo zitakuja?

Mleta somo: Chache. WordPress kwa kawaida inatoa 10 za mwisho, Blogspot 25. Za nyuma zaidi nenda kwenye blogu yenyewe. Ila kuanzia siku uliyojiunga zinajikusanya kwako.

pwani254: Maze hii ni poa. Blogu moja naifuata inanipa mistari mitatu tu halafu "soma zaidi", shida ni simu yangu?

Mleta somo: Hapana, mwenye blogu ndiye ameamua kutoa muhtasari. Ile ya kuchukua makala nzima inasaidia mara nyingi. Ila mwandikie kwa upole umuombe abadilishe, wengi hawajui kama fidi yao iko hivyo.

bandolimekata: Mimi inaniambia hakuna fidi

Mleta somo: Blogu gani, na ulipesti nini?

bandolimekata: Blogspot

Mleta somo: Hatua ya 3, soma mpaka mwisho wake.

fundi redio: Nyongeza kidogo. Kama uko Mastodon, ule mtandao wa kijamii, ukiongeza .rss mwishoni mwa anwani ya profaili ya mtu unapata fidi yake. Na tovuti ya habari ya Global Voices kwa Kiswahili wana fidi, sw.globalvoices.org/feed/

Mleta somo: Asante mkuu. Ya Global Voices ninayo. Ya Mastodon sikuwa naijua, nimeijaribu sasa hivi imekubali.

mama_shamba: Kaka yule mzee wa nyuki naomba anwani yake, na mimi nina mizinga sita.

Mleta somo: Nimekutumia pm. Anza na ile ya kuhamisha kundi.