Somo: Swali la mchu. Kupwa, kujaa na mikoko kwa darasa la sita na la saba

Mtoto wa pwani anaijua mikoko kuliko mwalimu aliyehamishwa kutoka bara, na mimi ndiye niliyekuwa huyo wa bara. Mwaka wangu wa kwanza Tanga niliandika ubaoni kwamba mikoko ni miti ya maji chumvi, wakanakili, kipindi kikaisha. Wakati wa kufuta ubao mtoto mmoja wa mvuvi akaniuliza: "Mwalimu, mbona mchu uko mbele baharini, halafu uko tena kule nyuma karibu na nchi kavu, lakini katikati ni mikoko mitupu?" Mchu ni aina moja tu ya miti ya mikoko, na hiyo ya katikati aliyoitaja ni aina nyingine, iitwayo mkoko. Sikuwa na jibu. Somo hili limetokana na swali lake.

Hatua ya 1: Panga siku kwa mwezi, si kwa ratiba ya shule

Mara ya kwanza nilichagua Ijumaa kwa sababu ilikuwa na vipindi viwili mfululizo. Tukafika saa 4 asubuhi, maji yamejaa hadi kwenye njia, watoto arobaini wananitazama. Yalikuwa maji mafu, zile siku za nusu mwezi ambazo maji hupanda na kushuka kidogo. Mmoja akaninong'oneza kwamba bibi yake angeniambia tangu jana.

Kwa hiyo shika hili: bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi unapoandama na tena unapokuwa mpevu, na siku hizo kwenye pwani yetu maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Wakati wa shule hasa! Siku za maji mafu mambo hugeuka, na saa hizo ndipo maji huwa juu. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, basi ukikosa siku mbili tatu, saa zako zimehama. Waulize wavuvi. Au fanya vizuri zaidi: watume watoto wakaulize, ndiyo kazi yao ya nyumbani.

Hatua ya 2: Usijibu

Wiki moja kabla, andika swali la mchu ubaoni, kila kikundi kiandike dhana yake. Wangu walisema: mchu unapenda chumvi, watu wamekata ya katikati, kaa hula mbegu. Hiyo ya mwisho nilitaka kuicheka. Baadaye nikajua kwamba watafiti nao wameipima kwa miaka mingi. Andika zote, usiweke alama ya vema wala kosa.

Hatua ya 3: Kamba na miraba

Funga kamba kutoka ukingo wa maji hadi nchi kavu, fundo kila mita 10. Kila fundo ni kituo, na hapo kikundi hupima mraba wa mita 5 kwa 5 na kuhesabu miti kwa aina. Mlilana una mizizi minene inayochongoka kama pembe. Ya mchu ni myembamba kama penseli zilizochomekwa matopeni. Mkoko husimama juu ya miguu yake iliyopinda. Majina hubadilika kijiji kwa kijiji, waache watumie ya kwao mradi wote waelewane.

Viatu ni lazima. Chaza walioganda kwenye mizizi hukata mguu kama wembe. Tanzania bara mikoko yote ni hifadhi, kwa hiyo pitia kwanza ofisi ya misitu, na msikate hata tawi.

Kabla ya kuondoka, kila mtoto arambe jani la mchu. Utasikia kelele! Mti huo hutoa chumvi kupitia majani.

Hatua ya 4: Chupa

Simamisha fimbo ndefu kwenye kila kituo, uifunge chupa ndogo zilizo wazi, moja kila sentimita 20 kwenda juu. Kesho yake chupa iliyojaa ya juu kabisa inakuambia maji yalifika wapi. Vile vile chukua kikombe cha udongo kila kituo, ukoroge kwa kiasi kilekile cha maji ya mvua, uache utulie, kisha anika vijiko vitano vya maji yake kwenye sahani nyeusi. Sahani ya kituo cha nyuma ilituacha midomo wazi: imeganda nyeupe kuliko ya kando ya bahari. Maji hufika huko siku za bamvua tu, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Hapo wakaanza kubishana wenyewe, nami nikakaa.

Maswali ya walimu wenzangu

*Sisi tuko Dodoma, hakuna bahari.*
Mna makorongo. Kata chupa tatu za lita 5 ubavuni, ujaze udongo: moja mtupu, moja una majani makavu juu, moja umeota nyasi. Ziinamishe sawa, mimina maji sawa, kinga yanayotoka. Swali waanze nalo wao: kwa nini korongo la nyuma ya shule limeanzia pale na si kwingine?

*Nafundisha Gredi ya 7, Kwale. Mtaala wa umilisi unatupa maswali dadisi tayari. Niyatumie?*
Yatumie kama mlango, dada. Lakini swali aliloleta mtoto mwenyewe litamfikisha kwenye tope hadi magotini bila kulalamika. Hilo la kitabuni sijaliona likifanya hivyo.

*Dhana ya kaa inapimwaje?*
Okoteni miche ya mkoko iliyoanguka, ile mirefu inayoota ikiwa bado mtini. Fungeni kumi kwa uzi kwenye kila kituo, mrudi baada ya siku tatu na tena baada ya wiki. Hesabuni iliyotafunwa. Uzi uwe imara, kaa huvuta mche hadi shimoni.

*Nina watoto 90 na mtihani wa taifa uko mbele.*
Nenda na nusu, nusu ibaki kupima udongo, siku ya pili wabadilishane. Mtihani unauliza jedwali na grafu. Hapa wanachora za kwao.

*Tumehesabu, na kwetu mchu umejaa katikati. Tumekosea wapi?*
Labda hamjakosea popote. Rudini kwenye mraba ule mhesabu visiki. Wetu wa katikati ulikuwa na tisa.