Somo: Kuvuka msimu wa sikukuu bila kuongeza kilo

Lengo hapa ni kubaki na uzito ulio nao, si kupungua. Anayeanza kupunguza mwili katikati ya karamu kwa kawaida huchoka upesi, akakata tamaa, kisha akala kuliko ambavyo angekula bila mpango wowote. Kupungua kusubiri wageni waondoke.

Hatua ya 1: Jipime kabla. Wiki moja kabla ya msimu, asubuhi, ukishatoka msalani na kabla ya kunywa chochote. Weka mizani kwenye sakafu ngumu; juu ya zulia hudanganya. Andika namba, kisha jipime mara 2 au 3 kwa wiki hadi msimu uishe. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa waliojipima mara kwa mara na kupewa vidokezo vya kula walimaliza msimu wakiwa wepesi kwa takriban nusu kilo kuliko wenzao.

Hatua ya 2: Hesabu siku za karamu. Tia alama kwenye kalenda siku za karamu yenyewe tu. Mara nyingi hazizidi 5. Zilizobaki zote ni siku za kawaida, na chakula chake kiwe cha kawaida. Hapa ndipo wengi huteleza. Kinachonenepesha si sana ule mlo mkubwa wa siku moja, bali ni biskuti unayoidokoa kila unapopita mezani kwa wiki 3 au 4. Piga hesabu: kilo moja ya mafuta mwilini ni karibu kalori 7,700. Soda moja na biskuti mbili za siagi kwa siku huenda zikafika kalori 250. Kwa siku 30 hizo ni 7,500, yaani karibu kilo nzima, na hakuna siku hata moja uliyojiona umekula sana. Kwa hiyo ondoa vitafunio mezani, viweke kabatini ndani ya chombo kisichoonyesha kilichomo.

Hatua ya 3: Usishinde njaa ili "kuacha nafasi". Ukifika na njaa kali utakula haraka, na shibe huchukua kama dakika 20 kujitokeza. Saa 3 au 4 kabla, kula mayai 2, bakuli la maharage au mtindi usio na sukari.

Hatua ya 4: Pakua mara moja. Nusu ya sahani mboga, robo nyama, samaki au kunde, robo wanga. Keti mbali na meza ya chakula. Jihadhari na mafuta: kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120 hivi, na saladi iliyolowa mayonezi inaweza kuzidi kipande cha nyama.

Hatua ya 5: Vinywaji. Soda ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, takriban vijiko vidogo 9. Pombe ina kalori 7 kwa gramu, na zaidi ya hapo hulegeza kauli uliyojiwekea kuhusu keki. Kila glasi moja, fuatisha moja ya maji.

Hatua ya 6: Mabaki. Ndani ya saa 2 yagawe, au yafunge kwa kipimo cha mtu mmoja na uyagandishe. Sufuria iliyoachwa jikoni humalizwa kwa kuonjaonja.

Hatua ya 7: Tembea dakika 15 baada ya mlo. Haifuti keki, tusidanganyane. Inasaidia kushusha sukari ya damu na inakuondoa mezani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shukrani kwa somo. Siku moja baada ya karamu mizani imepanda kilo 2. Nimeshaharibu?
Jibu: Hapana. Kilo 2 za mafuta zingehitaji kalori zaidi ya 15,000 juu ya mahitaji yako. Hayo ni maji yaliyoshikwa na chumvi na wanga, pamoja na chakula kilicho bado tumboni. Kula kawaida, jipime tena baada ya siku 4.

Swali: Mwenyeji ananiongezea kila nikimaliza, na kukataa ni kama kumdharau.
Jibu: Sahani tupu ndiyo inayoita upawa. Pakua kidogo mwanzoni, kula polepole, bakiza vijiko viwili mpaka vyombo vianze kutolewa. Ukilazimika kuongeza, chagua kitu kimoja na ukisifie hicho.

Swali: Vipi chai za kusafisha tumbo?
Jibu: Zinaharisha. Unapoteza maji na choo, lakini kalori nyingi zimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Mizani itashuka siku moja, ukinywa maji itarudi.

Swali: Natumia insulini. Naruhusiwa kuruka mlo wa mchana?
Jibu: Usiruke bila kuzungumza na daktari wako, sukari inaweza kushuka kwa hatari. Pombe bila chakula huongeza hatari hiyo, hata saa kadhaa baadaye.

Swali: Msimu ukiisha niendelee kujipima hadi lini?
Jibu: Wiki 2. Kama bado uko kilo moja juu ya namba ya Hatua ya 1, hayo sasa ni mafuta. Punguza kalori 250 kwa siku, na ujipe mwezi mmoja au zaidi kidogo.