Wingu Likikufunika Ghafla: Namna ya Kugeuka na Kutoka

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya marubani wa leseni binafsi wanaoruka kwa kutegemea macho kati ya Kisumu na Nakuru, baada ya mwanafunzi mmoja kuniomba nimweleze afanye nini endapo wingu litamfunika njiani. Usiusome badala ya kufanya mazoezi na mwalimu. Usome kabla ya kwenda kwake.

Hatua ya kwanza: kabla ya kuondoka

Andika kwa kalamu, kwenye karatasi iliyofungwa pajani, mwelekeo wa kwenda na wa kurudi. Kutoka Kisumu kwenda Nakuru ni takriban nyuzi 100 za dira, na kurudi ni 280. Napendelea karatasi kuliko tableti, kwa kuwa mtu aliyeshikwa na hofu hana nafasi ya kupekua skrini.

Kumbuka pia kwamba Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali ardhi ya Tinderet na Londiani, iliyo njiani, hupanda kupita mita 2,500. Kwa hiyo wingu linaloonekana kuwa juu sana ukiwa Ahero, kwenye tambarare karibu na ziwa, huenda limekwisha kulalia vilele vilivyo mbele yako. Mchana hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu upepo wa ziwa hukutana na upepo wa mashariki juu ya nyanda za Nandi na Kericho, na hapo ndipo mvua za radi na mawe hujengeka.

Hatua ya pili: geuka mapema

Ukiona mgongo wa kilima ulio mbele unafifia, geuka wakati huo huo.

Hatua ya tatu: ukishaingia ndani ya wingu

Hatua hii ndiyo inayoua. Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu marubani 20 wasiokuwa na mafunzo ya kuruka kwa vipimo, yaani kwa kutegemea vyombo vya ndege bila kuona nje, na wote walipoteza udhibiti wa ndege, baada ya wastani wa sekunde 178. Sababu imo sikioni: ndege ikizunguka polepole kwa muda, majimaji ya sikio la ndani hutulia, na mwili huamini kwamba inakwenda sawa. Ukiinyoosha, mwili hudai kwamba sasa imelala upande wa pili, nawe hushawishika kuirudisha kwenye mzunguko ule ule.

Kwa hiyo usigeuke mara moja. Kwanza tazama upeo bandia, yaani chombo kinachoonyesha kama ndege imelala au iko sawa, sawazisha mabawa, na uache nguvu ya injini ilivyo. Legeza mkono; ndege iliyowekewa trimu vizuri, yaani iliyosawazishwa isihitaji kubanwa usukani, hujishikilia kuliko unavyodhani, na anayebana usukani huinamisha bawa bila kujua. Kama kuna otopailoti (mtambo wa kuiongoza ndege yenyewe) unayoifahamu barabara, iwashe, kisha igeuze ndege kwa kutumia kitufe cha mwelekeo. Sioni fahari yoyote katika kuacha kuitumia.

Bila otopailoti, inamisha mabawa nyuzi 15, zisizidi. Kwa kasi ya noti 100 (maili 100 za baharini kwa saa) ndege itageuka takriban nyuzi tatu kwa sekunde, hivyo sekunde 60 zitatosha kukurudisha ulikotoka. Chagua upande wenye ardhi ya chini: ukielekea mashariki huku ukuta wa Nandi ukiwa karibu kushoto kwako, geukia kulia. Macho yarudi kwenye upeo bandia baada ya kila mtupo wa jicho kwenye kipima mwinuko na kiashiria mwelekeo. Kasi ikipanda huku mwinuko ukishuka, usivute usukani: punguza nguvu, sawazisha mabawa, ndipo uinue pua taratibu, kwa maana kuvuta ndege ikiwa imelala huzidi kuukaza mzunguko.

Usishuke kutafuta ardhi. Katika eneo hili ardhi ndiyo inayokupandia.

Hatua ya nne: redio

Mabawa yakitulia, waambie waongoza ndege wa Kisumu waziwazi kwamba umo winguni na huna mafunzo ya vipimo. Wasipojibu, tumia masafa ya dharura ya 121.5 na uweke transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, kwenye 7700, namba ya dharura. Usisite kwa kuogopa maswali ya baadaye.

Hatua ya tano: ukishatoka

Rudi Kisumu utue. Usijaribu kupenya tena chini ya wingu kupitia bonde la Muhoroni, hata kama panaonekana pana mwanga. Safari ya Nakuru ipange upya kwa siku nyingine, baada ya ukungu wa asubuhi kupanda na kabla ya mawingu ya mchana kujijenga.