Tazama rangi ya mbao kabla ya kuzifanya kuni
Paa linapokamilika, vipande vya mbao vilivyobaki hugeuzwa kuni, lakini kabla ya kuvitia jikoni tazama rangi yake, kwa kuwa mbao zenye ukijani huenda zilitiwa dawa ya kuzuia mchwa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu kali, na moto hauiteketezi: sehemu yake hupanda na moshi unaovutwa na mpishi pamoja na watoto walioketi karibu naye, na nyingine hubaki katika majivu, ambayo nawasihi sana msiyatumie kusugulia sufuria wala kuyamwaga kwenye bustani ya mchicha. Plaiwudi na mbao zilizopakwa rangi ziachwe pia. Kinachofaa ni kipande kikavu kisicho na dawa, gundi wala rangi.